Behewa la Baridi Lisitukute Tumelala



Jambo nitakalolisema safari hii linaanza na vitu vya kuchezea, lakini tafadhalini msiipindue karatasi hii upesi, kwa maana mwisho wake umo ndani ya mifuko yetu.

Huko Marekani na Ulaya wako watu wazima, wengine wastaafu wa reli na wengine mabwana wa ofisini, ambao jioni zao huzitumia kutengeneza magari ya moshi yanayokaa juu ya meza. Si magari ya watoto. Ni mfano wa behewa la kweli, limepunguzwa kila upande kwa kipimo kimoja kisichobadilika. Kipimo kinachopendwa zaidi ni 1 kwa 87, yaani kila sentimita 87 za behewa kubwa zimekuwa sentimita moja. Behewa la futi 40 linabaki na urefu wa sentimita 14. Mtu wa kimo cha kawaida anakuwa sentimita 2 tu, mfupi kuliko kidole gumba chako.

Katika mabehewa hayo madogo, yanayotafutwa sana ni mabehewa ya baridi, yale yaliyobeba nyama na matunda kwa barafu kabla ya kuja mashine za friji. Mpenzi wa kazi hii hutafuta picha za zamani, akahesabu vidato vya ngazi, vishikio, ribiti za kwenye bati, na mifuniko ya juu ya paa ambamo barafu iliingizwa. Kampuni ya Pacific Fruit Express, iliyoanzishwa 1906, ilipaka ubavu wa mabehewa yake rangi ya machungwa, na watu hawa huweza kubishana usiku kucha ni machungwa ya namna gani na ya mwaka gani. Wengine huchora hata michirizi ya kutu, kwa sababu maji ya chumvi yalikuwa yakidondoka na kula chuma. Gari moja la namna hiyo huuzwa dola 40 au zaidi, fedha ambayo hapa Bisil, siku ya soko baya, ingeweza kukurudisha nyumbani na mbuzi mdogo.

Mimi siwacheki. Mtu anayehesabu ribiti za behewa ambalo hajalipanda ameiheshimu kazi ya fundi aliyezipiga, na heshima hiyo wengine wetu hatujaipata hata kwa waajiri wetu. Lakini nimetazama picha nyingi za mifano hii, na jambo moja limenikaa moyoni. Behewa lipo, tundu la barafu lipo, kutu ipo, mtu wa barafu hayupo. Wachache huweka jukwaa la kupakilia na vijisanamu juu yake. Wengi huliacha behewa limesimama peke yake, safi, kana kwamba barafu ilipanda yenyewe.

Basi hayo yatuhusu nini sisi wa Bisil?

Twajulikana kwa soko la mifugo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hufika hapa kutoka pande zote za Kajiado, na wengine huvuka mpaka wa Namanga kutoka Tanzania. Wakishanunuliwa hupandishwa kwenye malori wakiwa hai, wamesimama, wamebanana, wakaenda zao Nairobi: mbuzi Kiamaiko, ng'ombe Dagoretti. Njiani hukanyagana. Anayelala hainuki. Wanaofika wamepungua uzito, na kilo zilizopotea barabarani hakuna aliyezila. Tena tazameni kinachosafiri pamoja nao. Ngozi imekwenda, pembe na kwato zimekwenda, matumbo, damu, mifupa, vyote vimekwenda, na kila kimoja katika hivyo ni kazi ya mtu fulani huko mjini. Sisi hubaki na samadi ya uwanja wa soko na vumbi la lori.

Kila ukija ukame, kama ule wa 2008 na 2009, na ule mrefu wa kutoka 2020 mpaka 2023, ng'ombe wa Kajiado hufa kwa maelfu, na maneno yale yale hurudi. Kujengwe machinjio ya kisasa karibu na wafugaji. Kuwe na vyumba vya baridi. Nyama isafiri, ng'ombe asisafiri. Mvua ikinyesha maneno hukauka, lakini siku moja mwenye fedha atayafanya kweli. Maoni yangu ni kwamba tuikubali baridi, tena kwa mikono miwili, lakini mapatano ya kazi yawe yametiwa sahihi kabla mlango wa kwanza wa chumba cha baridi haujafungwa. Nawaomba mnisikilize kwa nini nasema kabla, wala si baadaye.

Behewa la barafu lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulihudumia. Kuta zake zilikuwa mbili, na katikati mmeshindiliwa manyoya au kitu kingine cha kuzuia joto. Kila mwisho wa behewa palikuwa na kasha kubwa la barafu, linalojazwa kutoka juu ya paa. Makasha yote pamoja yaliweza kumeza kama tani 5. Hewa ikipita kwenye barafu huwa nzito ikashuka. Ikiota joto hupanda, ikarudi kwenye barafu tena. Hakuna mashine, ni hewa tu inazunguka. Nyama ilitaka baridi kali kuliko matunda, kwa hiyo barafu ilivunjwa vipande vidogo na kuchanganywa na chumvi.

Lakini barafu huyeyuka. Kwa ajili hiyo njia nzima ilikuwa na stesheni za barafu, zenye majukwaa marefu yanayolingana na paa za mabehewa, na juu yake watu wakisukuma mapande ya kilo 135 kila moja, wakiyapasua kwa vyuma na kuyatumbukiza tunduni, usiku kama mchana, kwa sababu gari la nyama halingoji mapambazuko. Pale juu paa limelowa maji na chumvi. Hapo ndipo aliposimama yule mtu wa sentimita 2 ambaye hamumwoni katika mfano. Mashine za friji zilipoenea, kazi yake ikapungua mwaka hata mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imekwisha.

Aliyelifanya behewa hili kuwa biashara kubwa ni Gustavus Swift, mnunuzi wa ng'ombe aliyehamia Chicago mwaka 1875. Hesabu yake ilikuwa hesabu ambayo dalali yeyote wa Bisil angeifahamu. Alipompeleka ng'ombe mzima pwani ya mashariki alilipa nauli ya ngozi, pembe na matumbo, na zaidi ya nusu ya uzito aliolipia haikuwa nyama ya kuuza. Mwaka 1878 fundi wake, Andrew Chase, akamchorea behewa lenye barafu juu na nyama chini. Nyama ilibanwa isiyumbe, kwa kuwa behewa la kabla yake, ambalo nyama ilining'inia, liliweza kutoka relini kwenye kona kwa kuyumba kwa mzigo.

Makampuni makubwa ya reli yalimkataa. Yalikwisha kutia fedha katika mabehewa ya ng'ombe na mazizi ya njiani, nayo yalipata nauli kwa uzito. Ya nini kusaidia mzigo upungue? Swift akapeleka nyama yake kwa reli ya Grand Trunk iliyopita Kanada, ambayo haikuwa na biashara kubwa ya ng'ombe hai, nayo ikamchukulia. Baada ya miaka michache watu wa Boston na New York wakawa wanakula nyama iliyochinjwa Chicago. Wachinjaji wa miji hiyo walifanya chama cha kuipinga nyama ya mbali, wakashindwa. Nataka wale wenzetu wanaosema tuipinge baridi moja kwa moja walikumbuke hilo.

Na wale wa Chicago, waliopata kazi hiyo mpya, walipata nini? Walisimama mstari mmoja, ng'ombe ananing'inia na kupita mbele yao, kila mtu na mkato wake mmoja kutwa nzima, na anayeongoza mwendo ni mwajiri. Mwaka 1904 waligoma wakapigwa. Mwaka 1906 mwandishi Upton Sinclair alitoa riwaya yake iitwayo The Jungle, alipoyaeleza mateso ya wafanyakazi wale. Watu wote wakapiga kelele, na mwaka ule ule ikapitishwa sheria ya ukaguzi wa nyama. Ya nyama, ndugu zangu! Mlaji alitetewa tumbo lake, na mkono wa mchinjaji ukaachwa ulivyo. Siku ya kazi ya saa 8 waliipata mwaka 1918, kwa uamuzi wa jaji aliyewekwa kusuluhisha wakati wa vita. Hesabuni wenyewe: tangu behewa la Chase mpaka saa 8 ni miaka 40.

Msidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. Kiwanda cha nyama cha Athi River kilijengwa na kampuni ya Liebig's mwaka 1938, kando ya reli kuu, mahali panapofaa. Lakini kiwanda kikishajengwa hutaka kulishwa. Mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwapunguza ng'ombe wa Ukambani kwa nguvu, ikisema ardhi inamomonyoka, na ng'ombe waliochukuliwa waliuzwa kwa bei ya kuonea. Julai 1938 maelfu ya watu walitembea kutoka Machakos mpaka Nairobi, wakakaa huko kwa majuma, wakitaka kusikilizwa na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini serikali ililegeza amri. Baadaye, mwaka 1950, iliundwa Kenya Meat Commission, nayo ikakichukua kiwanda. Wazee wetu wanajua kilivyofungwa kwa miaka mingi, kikafunguliwa tena 2006, na mwaka 2020 kikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Kila kilipofungwa ama kufunguliwa, mwenye ng'ombe na mwenye kisu ndio waliopewa habari mwisho.

Reli nayo ina historia yake hapa. Tawi la kutoka Konza kwenda Magadi, ambalo linapita Kajiado, lilimalizika 1915, nalo lilijengwa kwa ajili ya kubeba magadi. Ng'ombe wetu walilitazama likipita. Ukienda Jumba la Makumbusho la Reli mjini Nairobi, lililofunguliwa 1971, utaiona injini kubwa ya Garratt yenye jina la Mount Gelai, mlima ulio ng'ambo ya mpaka karibu na Ziwa Natron, katika nchi ile ile ya Wamaasai. Ni moja ya injini 34 za aina yake, kila moja tani 252 na maji na mafuta yake. Kila mgeni huipiga picha, na anastahili. Behewa la nyama nani atalipiga picha? Ndiyo maana nawasifu kidogo wale mabwana wa vijigari: wao angalau wanajua kwamba injini haikuwa ikivuta upepo.

Siku hizi behewa la baridi limekuwa kontena. Lina mashine yake ya friji, hutaka umeme safari nzima, na laweza kushushwa kutoka lori na kuwekwa juu ya reli pana, iliyoanza kazi kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 na yenye stesheni Athi River. Bisil haina reli, lakini lori la friji laweza kuondoka hapa asubuhi na kontena likawa relini jioni. Nyama mbichi hutaka baridi isiyozidi nyuzi chache juu ya sifuri. Iliyogandishwa hutaka nyuzi 18 chini ya sifuri. Na hapo, ndugu zangu, pana shimo ambalo nataka tulione mapema.

Jenereta likizima njiani na nyama ikaharibika, nani atalipa? Ninavyoijua kazi ya barabara, ataulizwa dereva, dereva atamtazama taniboi, na taniboi atakatwa mshahara wa miezi. Ng'ombe hai akifa njiani watu wote wanaona amekufa. Nyama iliyopata joto kwa saa 3 na kupoa tena haionekani kwa macho mpaka imefika. Kwa hiyo katika mapatano iandikwe kwamba kipimo cha baridi kisomwe mlango unapofungwa, kisomwe tena mzigo unapopokelewa, na kila mara watu wawili watie sahihi, mmoja wa mwajiri na mmoja wetu. Bila karatasi hiyo mtu wetu asikubali hata senti moja ikatwe.

Halafu nguo. Mtu anayetoka kwenye jua la Bisil akaingia chumba cha sifuri mara 50 kwa siku, na shati limelowa jasho, ataugua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga. Makoti yasiwe mawili ya kupokezana watu kumi. Muda wa kutoka nje na kuota joto uhesabiwe ni muda wa kazi. Na mlango wa chumba uwe na komeo linalofunguka kutoka ndani. Jambo hili ni dogo kwa bei, nami sioni haya kulitanguliza mbele ya mshahara.

Juu ya vibarua nitasema kwa kifupi kwa maana mmekwisha kulisikia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Chumba cha baridi hufanya kazi kila siku. Basi asiandikwe mtu kila asubuhi kana kwamba amefika jana.

Sitawaficha upande wa hasara. Nyama ikisafiri badala ya ng'ombe, malori yatapungua, na wale wanaoshika mikia, wanaosukuma na kufunga kamba watakuwa wengi kuliko kazi iliyobaki. Mwenzetu mmoja aliniambia kwa hasira kwamba mimi natengeneza kaburi la wapakiaji. Namjibu hivi: mashine ya kuwapunguza haingoji ruhusa yangu. Kitu tunachoweza kukipata ni kwamba ngozi zitawambwa hapa, matumbo yatasafishwa hapa, mifupa na damu vitashughulikiwa hapa, na kwamba wapakiaji wa soko la Bisil ndio wawe wa kwanza kuandikwa na kufundishwa kazi hizo, kabla hajaletwa mtu kutoka mji mwingine na barua ya mjomba wake. Na mfugaji alipwe kwa mizani, mizani yenyewe ikae hadharani, tusije tukarudishiwa ya 1938 kwa nguo mpya. Mfugaji si mwanachama wetu, lakini asipoleta ng'ombe chumba cha baridi kitakuwa kabati tupu.

Sasa narudi kwenye vitu vya kuchezea, maana nina ombi. Tukikaa na waajiri huletewa michoro ya karatasi, nasi tunaitikia kwa vichwa kwa sababu michoro ya karatasi haisomwi na kila mtu. Vijana wa hapa hutengeneza malori ya waya na madebe, magurudumu ya vifuniko vya soda, na malori hayo hupinda kona vizuri. Tuwape kazi. Tutengeneze mfano wa mahali pa kupakilia nyama, kwa kipimo cha 1 kwa 20. Kontena la futi 40 litakuwa na urefu wa sentimita 61, litakaa mezani. Mtu wa mita 1.70 atakuwa sentimita 8 na nusu. Tumtwike robo ya ng'ombe begani, tumsimamishe mlangoni, tuone kama anaweza kugeuka bila kujigonga, kama sakafu ya lori na ya jukwaa zinalingana, kama mwenzake anayetoka ana pa kupita. Mwajiri akileta mchoro wake, nasi tutalisogeza lile kontena mbele yake na kumwuliza maswali hayo kwa kidole.

Basi katika mkutano ujao wa tawi kila mmoja alete alichonacho: waya, debe la mafuta lililokatwa, ubao wa sanduku, futi kamba kwa aliye nayo. Wanaofanya kazi Athi River watusaidie kwa vipimo vya milango na majukwaa waliyoyazoea. Na fundi atakayeshika kazi hii naomba awatengeneze wapakiaji kwanza, kontena baadaye.